Aliyepiga Magoti

Mashine ya gemu ilikuwa na siku nne ndani ya nyumba ya Bibi Verdiana pale Ilembo, mwanawe Edgar alipopiga simu kutoka Mwanza.

"Mama, hiyo mashine nilimtumia Queen kwa kufaulu darasa la sita. Sasa wenzangu kazini wananiambia ina mapigano mno. Cheza naye mwenyewe uone. Ukisema irudi, ipandishe basi la kesho."

Basi siku hiyo Queen akawa mtoto wa dhahabu. Maji akateka, kuku akawafungia, vyombo vikang'aa, hata ile sufuria yenye masizi ya tangu Pasaka. Bibi akamtazama akicheka kimoyomoyo. Mwenye shida hujulikana kwa mwendo wake.

Alasiri, walipomaliza kupukuchua mahindi, wakakaa mkekani mbele ya runinga. Queen akamvalisha Bibi vijiti vya gemu, kimoja kila mkono.

"Hakuna kubonyeza, Bibi. Ukiinua mkono, yule wa kwenye TV anainua. Ukikata, anakata."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nacheza ngoma kwangu, vumbi linatimka kwa jirani."

Queen akakuna kichwa. "Redio?"

"Nipe mji."

"Chukua Kakese."

"Kakese nimeenda, nikakuta karanga zimekomaa, nikala mpaka wenyeji wakaniletea kiti. Jibu ni hii mashine yako."

"Bibi! Hicho umekitunga sasa hivi!"

"Kwani vya zamani vilidondoka mbinguni? Haya, washa."

Akatokea shujaa mwenye panga, na maadui wakachomoka majanini. Bibi aliyefyeka mashamba miaka hamsini hakuhitaji mwalimu. Akasimama, akapanga miguu, akashusha mkono. Mmoja chini. Wa pili chini.

"Nyuma yako, Bibi! Kushoto!"

"Namwona, mshenzi huyo!"

Khanga ikalegea, akaibana kwa kiwiko, akaendelea. Alicheka mpaka machozi. Bega lililomsumbua tangu masika likasahau kuuma.

Akabaki adui mmoja. Silaha ikamtoka mkononi. Akapiga magoti, akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa.

Sasa, kule Ufipa alikozaliwa Bibi Verdiana, mtu akikupigia magoti na kuunganisha viganja, anakusalimu, na salamu haiachwi ikining'inia. Mwili wake ukaitikia kabla ya akili. Akashuka magoti mkekani, akapiga makofi ya heshima, taratibu, mara mbili, vijiti vikigongana.

Mashine haijui makofi. Yenyewe iliona mikono inashuka. Kwenye runinga panga likashuka, likashuka tena. Yule mtu akaanguka, ngoma zikalia, maandishi ya dhahabu yakajaa.

"Umeshinda, Bibi! Mimi hapo nili..." Queen akauona uso wa bibi yake.

"Alikuwa ananisalimu," Bibi akasema, magoti bado mkekani. "Nimemwitikia, nimemuua."

"Hakuwa anasalimu, Bibi. Alikuwa anaomba tu asiuawe."

"Tu?"

"Si mtu. Ni picha."

"Najua ni picha, mama, mimi si mjinga. Lakini mkono huu si picha. Ndio uliokuogesha." Akavua vijiti, akaviweka mbali kidogo. "Mtu akimwacha, je?"

"Gemu haikubali. Inasubiri mpaka umkate."

"Na wewe siku ya kwanza ulifanyaje?"

Queen akawa anachomoa ukindu wa mkeka. "Nilifumba macho."

"Siku ya pili?"

"Sikufumba." Akauzungusha ukindu kidoleni. "Sasa hivi hata ukiniuliza uso wake ukoje, sijui. Huwa namkata haraka nipite."

Bibi hakumgombeza. Alimvuta, akamlaza kichwa mapajani.

"Na mimi ningefika hukohuko, mjukuu wangu. Umesikia nilivyokuwa nacheka? Ni tamu. Utamu wenyewe ndio unaonitisha."

"Kwa hiyo inarudi." Queen akaitazama mashine.

"Haina michezo mingine?"

"Ipo CD ya tenisi. Na ya kuvua samaki."

"Basi mashine ibaki. CD ya mapanga ndiyo itakayopanda basi."

Queen akainuka kama aliyechomwa mwiba. "Bibi! Nimebakiza hatua moja tu! Moja!"

"Na kwenye hiyo moja, hayupo anayepiga magoti?"

Queen alinuna ugali ukisongwa, akanuna ukiliwa, akaenda kulala amenuna. Bibi akamwacha anune kwa nafasi. Aliyenyang'anywa kitu kitamu haambiwi acheke. Ila moyoni alijiuliza kama amemwokoa mtoto au amempoteza, na usingizi ulimjia kwa shida.

Asubuhi alikuta CD imewekwa mezani. Imezungushiwa gazeti, na juu ya gazeti kamba ya katani, mafundo matatu, yale ya kukazwa kwa meno. Hakuna aliyemtuma.

Queen alikuwa mlangoni anafagia, mgongo amempa.

"Bibi, fanya haraka," akasema bila kugeuka. "Ukichelewa stendi, nitaifungua."