Ukurasa Alioruka Mwalimu Robi

Mwalimu Robi alikuwa amechoshwa na wauaji. Katika kila kitabu cha majasusi alichonunua mitumbani pale Migori, muuaji alikuwa yule mtu mpole anayewamiminia wenzake chai. Alimjua kabla sura ya tatu haijaisha, kisha akajikokota hadi mwisho kwa kuwa kitabu keshakinunua.

"Huyu jasusi amepigwa risasi ya bega asubuhi," alimwambia Phanice, aliyeishi naye, "jioni anaruka ukuta. Mimi nikikatwa na jembe, wiki nzima sioshi sufuria."

Vile vya familia vilimchosha zaidi. Humo kila mama mkwe alikuwa na sumu, na kila mwanamke tasa alikufa au akazaa mapacha mwishoni. Robi hakufa wala hakuzaa. Mumewe alipofariki, alifanya walivyofanya wanawake wa Kikuria wasio na wana tangu jadi: alitoa ng'ombe akamwoa Phanice, awe mke wa mtoto wa kiume ambaye yeye Robi hakuwahi kumzaa, mume wa jina tu, na watoto wawe wa nyumba hiyo. Sasa kulikuwa na Cliff, miaka minne, magoti yamejaa vumbi. Mama yake akiondoka, ataondoka peke yake. Mila haina maneno mengi.

Phanice alitoka Kisegi, kule ziwani, na Kikuria hakikumkaa mdomoni, kwa hiyo nyumbani waliongea Kiswahili. Shule aliiacha darasa la pili. Jumapili baada ya misa yeye alichambua maharagwe, Robi akisoma kwa sauti na kukatiza kila aya kwa maoni yake, mpaka hadithi yenyewe ikakosa pa kukaa.

Juni ile ya mwaka 1996 walikuwa na riwaya nene ya familia. Robi, ambaye hutangulia kusoma peke yake, alifika mahali mkaza mwana anapofunga nguo zake alfajiri, akamwacha mtoto amelala kwa nyanya yake, akaenda zake. Alikifunga kitabu. Wiki kadhaa sasa Phanice alikuwa haongei sana, na Robi aliogopa. Basi Jumapili ilipofika aliusoma ukurasa ule kwa njia yake mwenyewe: mkaza mwana akakaa, akasamehe, akabandika ugali.

"Mwandishi huyu anajua watu," akasema.

Phanice aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. "Mama, hapo umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Huyo msichana alienda. Nimeisoma. Tangu mwaka jana mimi huenda darasa la ngumbaru pale kanisani, ukiwa shule. Hiyo peji moja imenimalizia siku tatu."

Robi alitaka kukasirika, lakini hasira nayo hutaka nguvu. Nusu ya kijiji alikuwa amewafundisha kusoma, na huyu wa nyumbani kwake alimpa maoni tu. Aliona aibu, ikampanda hadi masikioni.

"Na wewe umeonaje?" akauliza. Hakuwahi kumwuliza hivyo kuhusu kitabu chochote.

"Mwandishi amekosea. Mtu hatoki kwa nyumba amekula chakula yake kama mwizi, bila kuaga. Mimi naenda Kisegi kwa mama Jumatano, mchana, ndio nakuambia. Wewe hujawahi kunitesa, mama. Nimechoka tu kuwa bibi ya mtu hajazaliwa."

Uani Cliff alikuwa akimfukuza jogoo na kumtukana kwa Kikuria safi. Robi alimsikiliza kwa muda.

"Amekosea wapi tena?" aliuliza, ingawa alijua.

Phanice hakuinua macho. "Hapo kwa mtoto."

Wazee wa ukoo wangempa Robi haki yote kabla chai haijapoa. Ilitosha kuwaita. Aliliwaza boma bila ile sauti, yeye na vitabu vyake na jioni zote zilizobaki, akahisi uchovu ambao usingizi hauutibu. Alimpenda mtoto yule kuliko chochote alichowahi kuwa nacho. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Hapo," akasema, "hata mimi naona amekosea."

Mikono ya Phanice ilisimama juu ya ungo.

"Mfungie sweta zake zote mbili," Robi akaendelea. "Ziwani asubuhi kuna baridi."