Miaka Mitatu na Milango Thelathini na Minane

Hakimu alimpa mdogo wangu Ubada miaka mitatu kwa sauti ya mtu anayeagiza falafeli. Miaka mitatu, kwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nilitaka kusimama nimuulize kama anamkumbuka yule dereva wa mtaani kwetu aliyemgonga mtoto wa shule akakimbia, akakaa ndani miezi minne, na sasa anakunywa chai kibarazani kama kawaida. Wakili alinivuta shati, nikakaa.

Mimi naitwa Sufian, fundi wa viyoyozi hapa mjini Irbid. Tangu baba afariki, mimi ndiye ninayeitwa kila Ubada anapoharibu kitu, na safari hii aliharibu maabara. Aliingia kwenye kompyuta za maabara moja ya vipimo vya damu, karibu na chuo kikuu, akayafunga mafaili yote, akaacha kwenye kila skrini picha ya punda anayecheka. Hakudai chochote. Alitaka tu wenzake wa mtandaoni, watu ambao hajawahi hata kuwaona sura, wamsifu. Siku nne maabara haikuweza kumpa mtu jibu lake. Siku ya tano polisi walikuja kumchukua, mama akiwa jikoni anakunja wali ndani ya majani ya zabibu, na mpaka leo hajayapika tena.

Hiyo hukumu ningeweza kuimeza. Kilichonitoa usingizini ni ile Jumatano nilipokwenda kumwona gerezani. Nilitegemea kumkuta amekonda, kumbe amenenepa. Akakaa upande wa pili wa kioo, akachukua simu, uso wote unang'aa.

"Kaka, huku naitwa bashmuhandisi!"

"Injinia wa nini wewe? Hata mwaka wa kwanza hukumaliza."

"Muulize Abu Saqr. Yeye ndiye aliyeanza kuniita hivyo, wengine wakafuata. Kanipa kitanda cha dirishani."

Abu Saqr nilishamsikia. Ni mtu mzima, amefungwa kwa kuwatapeli wajane kwa simu, na chumba kizima kinamsikiliza yeye kuliko askari.

"Anataka nini kwako huyo?"

"Hataki kitu. Namfundisha mambo mawili matatu, basi. Anasema nikitoka kazi ipo, ofisi ipo, gari ipo. Si kama wewe, unanipandisha kwenye mapaa ya watu nikushikie bisibisi."

"Bisibisi yangu haijamfunga mtu jela."

"Wala haijamtoa," akajibu, akacheka.

Niliondoka pale. Serikali ilikuwa imemchukua mtoto mpumbavu, mwenye kipaji na asiye na akili, ikamlaza chumba kimoja na mwalimu wa utapeli, halafu ikaita hilo fundisho. Nilijua kabisa: akikaa mle miaka mitatu, atakayetoka si mdogo wangu tena. Atakuwa mtu wa Abu Saqr. Nilikuwa na siku nne tu za kumtoa, kabla ya rufaa.

Nilimpigia wakili njiani. Ni mwanamke mwenye haraka kuliko mimi.

"Rufaa ni Jumapili," akasema. "Mwenye maabara akiacha haki yake binafsi kwa maandishi, yaani akimsamehe, majaji wanaweza kuifanya hiyo miaka mitatu kifungo cha nje. Asipoacha, usinipigie kuniuliza kitu."

"Akiacha, anatoka lini?"

"Kama majaji wameamka vizuri, Jumapili hiyohiyo."

Basi nikaenda kwa ami yangu, Abu Nayef. Ami yangu anapenda jaha, misafara ya upatanisho, kama wengine wanavyopenda mpira. Mpe ugomvi wowote, wa damu au wa ukuta wa jirani, atakukusanyia wanaume arobaini wenye masharubu waende kuomba msamaha kwa niaba yako. Mpaka Ijumaa alasiri alikuwa ameshapata kanali mstaafu, daktari wa meno, na mheshimiwa mmoja aliyegombea ubunge mara tatu akashindwa mara tatu. Magari kumi na moja yalipanga foleni mpaka nyumbani kwa Abu Ghaleb, ami wa Daktari Rudaina, mwenye maabara.

Tulikaa kwenye sebule ndefu, migongo ukutani. Kahawa ikamiminwa, ami akapokea kikombe, akakiweka mbele yake bila kukionja, kwani desturi ni kutokunywa mpaka ombi likubaliwe. Akaanza kusema: kijana ameteleza, ni yatima, nyinyi ni watu wakubwa na mlango wenu haujawahi kumrudisha mtu mikono mitupu. Alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mimi nilikuwa natikisa mguu mpaka daktari wa meno akanishika goti.

Abu Ghaleb alisubiri, kama adabu inavyotaka. Kisha akanyoosha mkono.

"Kunywa kahawa yako, Abu Nayef. Mlichokijia mmekipata, na nyinyi mko juu ya vichwa vyetu kwa heshima."

Ami akanywa, sebule nzima ikapumua. Zikaja kunafa za moto, vitamutamu vya jibini, wazee wakaanza kuulizana habari za mizeituni. Nilitoka uani kunawa uso ili watu wasinione ninavyolia. Niliporudi, ami alinipiga mgongoni.

"Umeona? Dakika kumi na mbili."

"Na daktari mwenyewe je, ami?"

"Daktari gani?"

"Rudaina. Mwenye maabara. Yuko wapi?"

"Ami yake si kashasema? Kesho mpelekee karatasi asaini. Hayo ni mambo ya karani."

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni pa maabara kabla hawajafungua, nikasubirishwa mpaka saa tano na nusu. Daktari Rudaina ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani kaipandisha kwenye nywele, anabandika lebo kwenye vichupa vya damu huku anazungumza. Hakunikaribisha kiti.

"Daktari, nimeleta ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ile ya… jana, kwa ami yako, tulikuja na—"

"Ami yangu ana kalamu nzuri sana. Mpelekee asaini."

"Sheria inataka sahihi yako wewe."

"Ala! Kumbe sheria inanijua?" Akabandika lebo nyingine. "Nilikuwa chumba cha pili jana, ndugu yangu. Nilipanga vikombe kwa mkono wangu. Wanaume themanini mmekaa mle, wenu na wetu, hakuna hata mmoja aliyesema tumwite."

Nilikasirika. Nikamwambia sawa, tumekosea, lakini mtoto anaozea jela kwa picha ya punda. Hapo ndipo alipoweka kichupa chini. Akafungua droo, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akanipa. Yalikuwa majina, kila moja na namba ya simu.

"Thelathini na wanane. Hao ni wale waliokuwa na majibu ya haraka siku zile nne. Niliwapigia mmoja mmoja. Wajawazito watatu. Mtoto wa saratani tuliyemtoa damu mara mbili, mama yake akanitukana na alikuwa na haki. Na huyu." Akaweka kidole kwenye jina moja. Abu Rakan. "Mzee wa figo. Jibu lake la potasiamu, ile inayosimamisha moyo ikizidi, lilikuwa limeshatoka, liko nyuma ya huyo punda wenu. Tulilifikia Jumatatu. Moyo wake ulisimama Jumapili."

"Mahakamani hawakulisema hilo."

"Kwa sababu haliwezi kuthibitishwa. Labda angekufa tu. Sisemi ndugu yako kamuua. Nasema sijui, na sitajua mpaka naingia kaburini."

Kwenye kiti pale nje kulikuwa na mama mmoja anasubiri, kashika karatasi yake ya vipimo kwa mikono miwili.

"Hii ni mara yake ya kwanza?" Rudaina akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Jalada lake la polisi halikuwa na kitu. Lakini nilishachoka na maneno mazuri ya jana. Nikamwambia kwamba akiwa na miaka kumi na sita aliingia kwenye kompyuta ya shule akawapandishia alama darasa zima, na kwamba hata wakati ule ami alikusanya watu tukaenda kwa mwalimu mkuu.

"Mkanywa kahawa."

"Tukanywa."

"Na yeye akajifunza nini?"

"Kwamba ami anasema vizuri."

Akakaribia kucheka, akajizuia. Mimi ndipo nilipopandwa na hasira. "Basi mwache mle!" nikamwambia. "Mwache miaka mitatu! Analala kitanda cha dirishani, anamfundisha tapeli kazi. Aliingia mle punda, atatoka fisi. Halafu safari ijayo hataacha picha, ataacha namba ya akaunti. Ndiyo haki hiyo?"

"Nani kakuambia nataka akae mle?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Miaka yake mitatu hainirudishii hata kipimo kimoja. Namtaka atoke, ila namtaka aende kwa hawa watu. Wote. Agonge mlango, aseme jina lake na alichofanya, kisha asimame asikilize atakachoambiwa. Bila ami, bila jaha, bila wewe kusimama nyuma yake. Akikubali, nasaini leo. Niko hapa mpaka saa kumi na moja."

"Atakubali."

"Jana wenzako walinisemea mimi, leo wewe unamsemea yeye. Nenda kamuulize."

Ilikuwa saa sita kasoro. Muda wa kuona wafungwa huisha saa nane. Niliendesha gari la viyoyozi kama limeibwa, ngazi inagongagonga juu ya paa, nikamtukana kila mtu kuanzia mzunguko wa kwanza hadi geti la gereza. Pale getini nikapanga foleni, nikavua mkanda, nikavua viatu, nikasahau bisibisi mfukoni, nikarudishwa nyuma, nikapanga tena. Nilipokaa mbele ya kioo zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

"Amesaini?" Ubada akauliza kabla sijaiweka simu sikioni.

"Anasaini leo. Kesho unalala kwa mama. Kuna sharti moja."

Nikamweleza. Kwanza akacheka.

"Nyumba thelathini na nane? Si nitakuwa kama muuza gesi na gari lake la muziki! Niwekee na muziki kabisa, kaka."

Sikucheka. Nikamwambia habari za Abu Rakan, kama nilivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilimwona akianza kukwangua ukingo wa kioo kwa ukucha, kama alivyokuwa akikwangua meza mama alipokuwa akimgombeza. Muda ulikuwa unakwenda na mimi nilikuwa nauhesabu.

"Ameacha watoto?" akauliza.

"Sijui. Utawaona."

"Wakifungua nitasema nini?"

"Jina lako, na ulichofanya."

"Halafu?"

"Halafu watasema wao."

Nyuma yake wafungwa wengine walikuwa wakipita, na mmoja akamgusa bega kwa heshima, "bashmuhandisi." Ubada aligeuka, akamwitikia kwa kichwa, kisha akanirudia.

"Miaka mitatu si mingi, kaka."

"Unasema nini wewe?"

"Ukiwa na tabia njema inakuwa miwili na kitu. Nimeshazoea. Naamka, nakula, nafundisha. Humu najulikana. Pale mlangoni kwa yule mzee nitakuwa nani?"

"Ubada! Ni mlango tu! Mlango wa mbao!"

"Kagonge wewe basi."

Nilipiga kioo kwa kiganja, askari akaja akanisimamia. Nilimwambia kila kitu kilichokuja mdomoni: mama, majani ya zabibu, Abu Saqr na gari lake la uongo, baba angesema nini. Alikuwa analia. Tangu akamatwe sikuwa nimemwona akilia, si polisi, si mahakamani hakimu alipotaja miaka. Nikadhani nimempata.

"Jaribu mmoja tu," nikasema. "Nitamwomba daktari aanze na mmoja."

"Mwambie daktari namwomba radhi."

"Kamwambie mwenyewe!"

Akatikisa kichwa. Akapangusa pua kwa mkono wa shati, akairudisha simu mahali pake taratibu, akainuka. Bado zilikuwa zimebaki dakika sita na alikuwa na haki ya kukaa. Hakukaa.

Nilikuwa nafunga viatu pale getini simu yangu ilipoita. Ami Abu Nayef.

"Eeh, karatasi imesainiwa? Watu wananiuliza."

"Haijasainiwa, ami."

"Nini? Yule binti kakataa? Baada ya kahawa kunywewa? Huku ni kutuvunjia heshima! Ngoja nimpigie kanali, leo hiihii tunarudi kwa Abu Ghaleb, na safari hii tutakuwa mia—"

"Ami, usimpigie mtu," nikamwambia. "Yule binti hakukataa. Aliyekataa ni wetu."