Bima ya Gari Bubu

Wakala wa bima alikuwa binti mpole mno, na upole wake ndio ulionichefua. Alinigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe kiasi cha kulipa kwa mwaka. Nilimwambia nimekuja kukatia gari bima, sikuja kununua gari la pili.

"Ni la umeme, dada," akasema. "Betri yake imelala chini ya sakafu, kuanzia mbele mpaka nyuma. Jiwe likiigonga vibaya, hakuna kuziba wala kuchomelea, inabadilishwa yote. Na betri peke yake ni karibu nusu ya bei ya gari. Mafundi wake nao ni wa kutafuta kwa tochi."

"Haya. Na hii nyongeza ya hapa chini?"

Akashusha sauti. "Hiyo ni ya mama. Amevuka sabini. Ukitoa jina lake kwenye madereva, inaondoka."

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Lile gari sehemu kubwa ni kiinua mgongo cha mama, alichokitunza miaka na miaka bila kukigusa. Mimi na mshahara wangu wa kufundisha hesabu tulichangia, tuseme, magurudumu. Kumtoa mama ilikuwa ni kumwambia ahamie kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe.

Na mama yangu si mtu wa kiti cha nyuma. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la mikate, akiisambaza madukani kabla jua halijatoka, na mpaka leo mtaani wanamwita Mama Mikate. Alikuwa akisikia injini ikinguruma tu, anakwambia ni mkanda umelegea, na fundi akifungua boneti anakuta ni kweli. Baba alipofariki hakulia mbele yetu. Alichukua ufunguo, akaenda kuzunguka peke yake, akarudi macho mekundu na kuingia jikoni. Wengine wana sala, wengine wana mashoga wa kuongea nao. Mama alikuwa na usukani.

Nilimpigia kaka. "Mtoe," akasema, kama anayeagiza chai. "Tutakuwa tunampeleka anakotaka."

"Tutakuwa akina nani? Wewe ambaye tunakuona kwenye misiba?"

Akakata simu. Ndivyo mazungumzo yetu yanavyoishaga.

Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa na wasiwasi, ila si wa umri. Ulikuwa wa ubishi wake. Tangu tuchukue gari la umeme, mama alikuwa amegeuka mtu mwingine. Gari lina milio ya kuonya: ukisogelea ukuta linalia, ukisahau mkanda linalia. Mama hajali. Linalia, yeye anakwenda. Nikimpigia kelele, "Mama, si linalia!" ananijibu, "Hili? Gari bubu hili litalia na nini?" Kisha anaendelea kuvuma kwa mdomo, mmmm, mmmm, akipandisha sauti anapokanyaga mafuta ambayo hayapo. Alikuwa akinguruma kwa niaba ya gari. Mimi nilicheka, halafu nikakasirika.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Namuita akiwa jikoni, kimya. Televisheni anaifungulia mpaka majirani wanafuatilia taarifa ya habari bila kununua ya kwao. Namwambia jambo, anatabasamu na kujibu jingine. Nikasema huyu ameamua, anajitia hamnazo. Sauti ninayo, ya kutuliza darasa lililojaa hadi mlangoni, na nyumbani niliitumia bila kuipunguza.

Wakala alipoona sikubali, akanipa njia nyingine. Kampuni ina mkaguzi wa madereva. Akipanda na mama na kuridhika, nyongeza ya umri itaondolewa.

"Mimi nipimwe?" mama akasema, akinyoosha kilemba. "Na aje."

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya maktaba. Alikaa mbele na mama, mimi nyuma. Mama aliondoka kwa ulaini mpaka nikajisikia fahari. Alimpisha mwendesha baiskeli, akapunguza mwendo kwenye kivuko kabla hata sijakiona. Mkaguzi, macho kwenye karatasi zake, akasema, "Kata kushoto hapo, mama."

Mama akanyoosha moja kwa moja.

Nikauma meno. Hata leo! Mkaguzi alisubiri njia nyingine, akamgeukia uso kwa uso, akarudia, na mama akakata kushoto bila tatizo.

Mwisho akamwambia aegeshe kinyumenyume, baina ya magari mawili. Gari likaanza kulia, polepole, kisha haraka, kisha mfululizo. Mama alikuwa akitazama vioo vyake, ametulia kabisa. Akasimama akiwa amebakiza upana wa kiganja. Usukani ule, nakwambia, uliwekwa mikononi mwa mwenyewe.

Mkaguzi akamgeukia tena. "Mama, huo mlio ulikuwa unamaanisha nini?"

"Mlio gani?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Halafu akanitafuta kwenye kioo, na mimi nikashindwa kuyakwepa macho yake.

"Wewe uliusikia?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Leo tu?"

"Tangu siku tulipolichukua."

Akaiondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. "Na mimi nilidhani gari ndilo bubu," akasema.

Mkaguzi alikuwa muungwana. Alisema uendeshaji wake hauna dosari, yeye mwenyewe haegeshi vizuri hivyo, ila aende kwa daktari wa masikio kwanza. Daktari akathibitisha: masikio yote mawili yalikuwa yamefifia kidogo kidogo kwa miaka. Kwenye magari ya zamani mama alikuwa akiisikia injini kwa nyayo na kiganja, kwa mtetemo wa gia, na hakujua tofauti. Gari la umeme halitetemeki. Ndilo lililomfichua.

Vifaa vya kusikia alivilipia kaka, bila kuombwa. Nilimshukuru na kumsamehe nusu. Mama alirudi kwa mkaguzi, akafaulu, na nyongeza yake ikafutwa. Gharama ya betri ilibaki pale pale, na nililipa nikilalamika kama kawaida yangu, lakini jina la mama lilikuwa la kwanza kwenye karatasi.

Aliendesha yeye kurudi nyumbani, vifaa masikioni. Alikuwa kama mtoto mwenye kiatu kipya. "Kumbe taa za kukatia kona zinasema tik tik! Na hiki? Ni matairi? Gari lina maneno mengi hili!" Akacheka. Hakuvuma hata mara moja.

Mbele yetu lori likawasha taa za breki. "Mama!" nikasema. "Angalia mbele bwana, punguza! Mbona husikii wewe?"

Alikuwa ameshapunguza. Aliwasha ile tik tik, akasogea pembeni, akaegesha. Alitazama mikono yake.

"Kumbe ndivyo unavyosemaga na mimi," akasema.

Nilitaka kumwambia ni kwa sababu alikuwa hasikii, kwamba ilinibidi. Ningekuwa nimesema nusu ya kweli. Zile fokafoka zote za jikoni, za asubuhi, za mbele ya wageni, zilikuwa zimemfikia kama midomo inayochezacheza, naye alikuwa akinitabasamia.

Lori lilikuwa limekwenda zamani. Sauti ya darasani sikuiona ilipo.

"Twende basi, mama yangu," nilisema, kwa sauti ndogo mno hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Nimesikia," akasema mama, akaingia barabarani.