Kisu Tulichokiita Mshenga

Baba alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja juu, akasema, "Mshenga."

Hakuna kilichowekwa ndani ya kiganja kile.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, mkono mmoja umeshikilia kitambaa kisilegee. Akatikisa vidole kama mtu anayemwita mtoto. Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yake akichambua misumari, alitazama meza, kisha sakafu, kisha meza tena.

"Shemeji, si unaye mwenyewe?"

"Ningekuwa naye ningekuomba?"

Ndivyo ilivyoanza. Watu wakifiwa huniambia wanakumbuka sauti ya marehemu, au kicheko chake. Mimi nikimkumbuka Baba naanza na kiganja kile, kilivyobaki wazi kikingoja, na vumbi la sponji kwenye mistari yake.

Mshenga kilikuwa kisu cha kukunja. Mpini wake wa pembe ulikuwa na ufa uliofungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Kilikuwa cha babu, baba yake mama. Baba alipokubaliwa posa, wenzake walimtabiria kwamba mchumba atampa saa. Mama akampa kisu. "Saa utaitazama tu," alimwambia, "kisu utakitumia." Baba akakiita Mshenga, na jina likaganda.

Na kazi ya ushenga kilifanya kweli. Wazazi wangu waligombana kama wanandoa wengine, na hakuna kati yao aliyejua kutamka "nisamehe". Mama alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kile, analigawa, kisha anaacha nusu kwenye sahani ya Baba na kisu kando yake. Baba akila, yamekwisha. Asipokula, nilijua siku hiyo ni ya kunyata.

Mama alipofariki, kisu kilihamia kwenye mfuko wa aproni. Baba alikuwa fundi makochi, na kila kochi alilotengeneza, uzi wa mwisho alikata kwa Mshenga. Mkasi ulikuwepo, tena mzuri. "Mkasi haunijui," alisema.

Karakana yetu ilikuwa na watu watatu: Baba, mimi kwenye cherehani, na Mjomba, mdogo wake mama. Kwa hiyo kisu kile kilikuwa cha baba yake pia. Baada ya mazishi ya mama alisema mara moja tu, kwa upole, "Shemeji, siku ukichoka nacho, kinirudie mimi." Baba akacheka, akajibu kwamba siku hiyo atakuwa amechoka na kupumua pia. Tukaendelea na kazi. Lakini neno likishatoka lina subira. Lile lilikaa pembeni likingoja siku yake.

Tulikuwa na sheria moja. Kochi ni tumbo, Baba alisema. Ukishalifunga, kilichomo kimo. Kwa hiyo kabla ya mshono wa mwisho, anayesaidia huuliza kwa sauti, "Vyombo?" Anayeshona huweka sindano chini, akagusa kimoja kimoja mezani: nyundo, mkasi, koleo, Mshenga. Akimaliza kugusa, ndipo hujibu, "Vyote." Wateja walituona kama watu wanaosali. Baba hakujali. Alikuwa na hadithi ya fundi mmoja aliyeshonea meno yake ya bandia ndani ya kiti cha padri, na kila alipoisimulia, padri yule alikuwa anaongezeka unene.

Tulitafuta. Tulisogeza cherehani, tukamwaga magunia ya mabaki ya sponji, tukapitisha sumaku chini ya kabati. Asubuhi iliyofuata Baba aliacha kutazama sakafu, akaanza kutazama watu.

Siku ile karakanani kulikuwa na mke na mume wanaochagua kitambaa, na kinyozi wa jirani, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa huja kwetu kunyoa majina ya watu.

"Shemeji," Baba akasema, "hebu fungua mfuko wako."

Mjomba akadhani ni utani. "Unataka chakula changu? Leo ni kiporo."

"Fungua."

"Mbele za watu?"

"Kama hamna kitu, watu wanakutishia nini?" Kisha akawageukia wale wateja, kana kwamba wao ndio waliouliza, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mjomba alitoa shati la kubadilisha. Akatoa bakuli lake. Halafu mkono wake ukabaki ndani ya mfuko, hautoki. Baba akaunyakua, akaupindua.

Kilichoanguka kilikuwa mto. Mto mdogo wa duara, wenye tundu katikati, umeshonwa kwa mabaki ya kitambaa chetu, mishono midogo na sawa kama ya mashine. Uliviringika hadi miguuni kwa kinyozi, ukazunguka kidogo, ukalala.

"Fundi," kinyozi akauliza, "ngata hii ya kubebea nini?" Kisha akaelewa. Alicheka hadi akashika mlango. "Lo! Kumbe mzigo wenyewe uko nyuma!"

Yule mke alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anachagua, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Miezi yote ile Mjomba alikuwa akifanya kazi amesimama. Tukimwambia akae, alijibu kwamba kukaa ni uzee. Mimi nilimsifu kwa nguvu zake. Kumbe bawasiri ilikuwa inamtesa, na mtu aliyetengenezea nusu ya mji pa kukaa, yeye mwenyewe hakuwa na pa kukaa.

Hakuuokota ule mto. Alichukua nyundo yake, ambayo ilikuwa yake kweli, akakunja shati.

"Umeridhika, shemeji?"

Baba, ambaye angeweza kusema neno lolote katika maneno yote ya duniani, alisema, "Kisu bado sijakipata."

Mjomba akaondoka. Jioni niliuokota mto, nikauficha kwenye sanduku la vifungo.

Wiki kadhaa zikapita. Kisha akaja mkunga mstaafu ambaye kochi lake tulilipeleka asubuhi ya siku ileile kisu kilipopotea. Alikuwa bibi mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha watu wasukume.

"Fundi, kochi lako linanijibu. Nikikaa, linasema *tk*. Nikiinuka, *tk*."

"Litakuwa springi, bibi."

"Springi zinalia, hazigongi. Mimi nimezalisha maisha yangu yote. Kitu kilichomo ndani kikitaka kutoka, nakijua."

Tulikwenda. Baba alipiga magoti, akakandamiza kiti kwa kiganja, polepole, kutoka kona hadi kona. Katikati kiganja kikasimama. Sikuona uso wake. Niliona shingo, ilivyobadilika rangi kutoka kwenye kola hadi masikioni. Akamwomba yule bibi maji ya kunywa. Bibi alipotoka, Baba alifumua mshono wa nyuma, akaingiza mkono hadi kiwiko, akautoa na Mshenga, kimekunjwa, kimetulia kama kilivyowekwa. Kikaingia mfukoni.

"Kumbe nini?" Bibi alikuwa mlangoni na glasi.

"Kipande cha springi."

"Nikione."

"Nimekitupa nje, bibi."

Bibi alitazama dirisha. Lilikuwa limefungwa, na pazia limeshushwa. Akamtazama Baba, akanitazama mimi, akaweka glasi mezani.

"Haya," alisema. "Shona."

Alishona. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilimshikia kitambaa, na alipofika mshono wa mwisho sikuuliza kitu, naye hakuniambia niulize.

Tulipokaribia nyumbani, Baba akauliza.

"Siku ile, Mjomba wako aliuliza?"

"Aliuliza."

"Nami?"

"Ulisema vyote."

Alikuwa amesema "Vyote, vyote," mara mbili, bila kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi. Kinyozi alikuwa anamsimulia jambo, na Baba alikuwa anacheka; hata uzi wa mwisho aliukata kwa meno.

Nilidhani kesho yake ataenda kwa Mjomba. Hakwenda. Kisu alikiweka kwenye mfuko wa ndani wa shati, na karakanani akawa anakata uzi kwa meno, maana mkasi ulikuwa haumjui na Mshenga hakuweza kuonekana. Kinyozi akiuliza kama kisu kimepatikana, anajibu, "Bado." Kila akisema "bado" mkono ulikwenda kifuani, ukarudi. Kisu kilichopotea tulikuwa tumekitaja kila siku. Kile kilichopatikana hakuna aliyethubutu kukitaja.

Alijaribu. Hilo nataka liandikwe. Siku moja nilitoka sokoni, nikamwona mbele yangu kwenye kona ya mtaa wa Mjomba, amevaa shati safi. Alifika kwenye kona, akainama kufunga kamba za viatu. Akachukua muda mrefu. Alikuwa amevaa kandambili. Kisha akainuka, akarudi alikotoka, nami nikajibanza kwenye duka la vyombo nikijifanya nachagua sufuria, ili asijue nimemwona.

Kifua kilipomlaza, alinyamaza kuhusu karakana kabisa. Alasiri moja akaniita, akatoa kitu chini ya mto, kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kijani.

"Mpelekee Mjomba wako. Mwambie kilikuwa chini ya cherehani."

Nikakipokea.

"Mshenga hutumwa na asiyeweza kwenda mwenyewe," alisema.

"Na akiniuliza vizuri?"

Akageukia ukutani.

Mjomba alikuwa uani kwake, amesimama, anagonga mguu wa kiti cha mezani cha mteja. Alinikaribisha kana kwamba tuliachana jana. "Mpwa wangu! Kaa hapo. Mimi unanijua, nimezoea kusimama." Nikampa kile kifurushi. Alikijua kwa uzito kabla hajakifungua, niliona.

"Kilikuwa wapi?"

Sentensi ya cherehani ilikuwa tayari mdomoni. Nilitazama miguu yake, ilivyovimba juu ya kanda za viatu.

"Ndani ya kochi la mkunga. Alikishonea mwenyewe."

"Niliuliza?"

"Uliuliza, Mjomba."

"Akasema?"

"Vyote."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia. Akafungua kisu, akakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Kumbe shemeji alikuwa anasema kweli tupu. Nguoni. Tena alikishona kwa mkono wake."

Tukacheka. Tulicheka wote wawili, na kicheko hakikupata pa kwenda, kikageuka. Mjomba akaegemea kile kiti kisichokuwa chake, akanipa mgongo kwa muda.

"Kimeshika kutu," alisema hatimaye.

"Alikuwa anakata kwa meno."

"Mwambie kimefika."

"Hutakuja kumwona?"

"Nikija nitaambiwa nikae."

Nilipomwambia Baba kwamba kimefika, aliuliza jambo moja tu: nilisema kilikuwa wapi. Nikajibu nilisema kilipokuwa. Akavuta shuka hadi juu ya macho.

"Bora wewe," alisema ndani ya shuka.

Hakuishi sana baada ya hapo. Siku ya mazishi Mjomba alikuja mapema kuliko wote, akasimama. Wanaume walimletea kiti, akakataa. Wakamletea kingine, akakataa. Nikasikia watu wakinong'onezana, "Tazama shemeji wa watu anavyomheshimu marehemu." Ule mto nilikuwa nimeuvisha kitambaa kipya, cha kijani. Ningeweza kumpelekea pale alipokuwa, lakini mbele za watu tulishautoa mara moja, na ilitosha. Niliuweka kwenye kiti cha Baba chumbani, nikaufunika kwa khanga, nikaenda nikamwambia polepole, "Mjomba, kuna kiti ndani."

Alinitazama. Akaingia, akafunga mlango. Alikaa humo hadi wageni wakaanza kutawanyika, na alipotoka macho yalikuwa mekundu na mto ulikuwa kwapani, umefungwa kwenye khanga yangu.

Khanga sijaidai. Karakanani hakurudi, anafanya kazi uani kwake, na kazi za kona ngumu nampelekea.

Siku hizi nashona peke yangu. Nikifika mshono wa mwisho naweka sindano chini, najiuliza kwa sauti, "Vyombo?" Nagusa nyundo, nagusa koleo, nagusa mkasi. Kisu kiko kwa Mjomba. Uzi naukata kwa mkasi.