Kalia Mikono

Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, Dada Mkubwa aliamka kabla ya simu kumwamsha, akaoga, akavaa koti jeupe jipya, akatokwa jasho la furaha, akalivua, akaoga tena, akalivaa mbiombio. Njiani alicheka peke yake mpaka watu wakampisha. Miaka miwili ya kusomea tiba kazi, ile ya kumzoeza mgonjwa kujivalisha na kujilisha mwenyewe, kwenye makaratasi tu, jamani, na leo watoto wa kweli!

Jina hilo la Dada Mkubwa alipewa nyumbani. Alikuwa kifungua mimba wa watoto saba, na wale sita wote aliwaogesha, akawavisha, akawafuta kamasi. Mikono yake ilikuwa na haraka kuliko akili, na hicho ndicho kilichomponza.

Chumba cha tiba kilikuwa na magodoro ya sponji, mipira mikubwa, na viti vidogo ambavyo mtu mzima akikaa, magoti yanamfikia kidevuni. Mkufunzi wake, mama mpole wa sauti na mkali wa macho, alimtambulisha kwa binti wa miaka mitano mwenye amri nyingi hata kliniki nzima ikamwita Bosi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na Bosi alishaamua kwamba haumhusu. Ulishinda mfukoni mwa sketi.

"Jumatatu anaanza shule," alisema bibi yake, aliyeketi karibu na mlango, mkoba mapajani. "Huko nani atamfunga vifungo? Si watamcheka?"

Mkufunzi akamvalisha Bosi shati la shule, akaliacha wazi. "Leo tunataka kitu kimoja tu: mkono huo utoke usaidie. Wiki ya nne hii tunaubembeleza. Haya, mwanafunzi, kaa naye."

Bosi akashika kifungo kwa mkono wa kulia. Kikateleza. Akashika tena, kikateleza tena. Akanuna, bega la kushoto likaanza kusogea, na papo hapo, fyu fyu fyu, vifungo vyote vitano vikawa vimefungwa!

"Umependezaje!" alisema Dada Mkubwa, akipiga makofi.

Bibi alitazama dari.

"Amefunga nani?" aliuliza mkufunzi.

"Mi... mimi, mwalimu."

"Mkono ulikuwa njiani unakuja, mwanangu. Umeurudisha." Akavifungua vyote kimoja kimoja. "Kalia mikono. Ukiitoa tena, wiki nzima utakuwa unapanga mafaili."

Dada Mkubwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakaa kwenye kiti kidogo, viganja chini ya makalio. Bosi, kuona mtu mzima anaadhibiwa, alicheka mpaka akakwama pumzi. Kisha akarudi kwenye kifungo chake kwa mkono uleule mmoja, kikateleza, kikateleza, na vidole vya Dada Mkubwa vikamwasha kama vimeingia upupu. Hakuvitoa.

Mara Bosi akainua macho. "Wewe! Koti umefunga vibaya!"

Wote wakatazama. Kweli bwana! Kifungo cha kwanza kwenye tundu la pili, vitano vyote kwenye tundu lisilo lake, cha sita kinaning'inia, kola upande mmoja imempanda sikioni. Kumbe asubuhi mlinzi wa getini alimchekea, mama wa mapokezi akamchekea, naye alidhani ni ukarimu! Mkufunzi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Dada Mkubwa akachomoa mkono ajirekebishe.

"Kalia mikono!" aliamuru Bosi.

Akaukalia haraka. Bosi akasogea, akashika kifungo cha koti kwa mkono wa kulia, akavuta. Koti jipya, matundu magumu, likamfuata zima zima. Akasonya. Akavuta tena. Akasonya kwa hasira zaidi.

Na mkono wa kushoto ukatoka mfukoni. Ulitoka polepole, ngumi nusu imefumba, ukatangatanga kifuani mwa Dada Mkubwa, ukaunasa ukingo wa koti. Ukashika. Wa kulia ukasukuma, na kifungo kikachomoka tunduni.

Mkoba wa bibi ulianguka sakafuni, hakuna aliyeuokota. Dada Mkubwa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, machozi na kamasi vinashuka hadi mdomoni. Yeye, mfuta kamasi wa nyumba nzima, hakuinua hata kidole kujifuta.

Bosi alimtazama, mikono yote miwili ikiwa imeng'ang'ania koti.

"Usilie," alimwambia. "Bado vinne."