Moshi wa Pilipili

"Karibuni jimboni kwetu, penye tembo na mapango yenye michoro ya kale," shangazi alisoma, mdomo karibu na maikrofoni. "Hapa sisi na tembo ni majirani wema." Akavua miwani. "Nani kaandika uongo huu?"

"Mimi, shangazi," mpwa wake akajibu.

Fundi wa sauti akacheka nyuma ya kioo. "Mama, wewe soma tu. Hata jirani mwema hula."

"Hula kwake. Hawa wamenimalizia mahindi mpaka mabua. Na yule mume wangu, kazi yake ni moja tu, kuwasha moshi jioni, ikamshinda. Tangu hapo simsemeshi. Chakula namwekea mlangoni kama paka."

Fundi akacheka tena. Mpwa aliinamisha kichwa.

Kila jioni mzee huwasha kingoni mwa shamba matofali ya kinyesi cha tembo kilichokandwa na pilipili. Tembo hawauwezi moshi ule, wakiunusa hugeuka. Lakini jioni ile ya kurekodi filamu ya kulitangaza jimbo, moshi ulitanda mbele ya kamera. Mzee alipokwenda kuoga, mpwa akaumwagia maji, akijiambia atauwasha tena wakimaliza. Mara tembo wakatokea na watoto wao, jua mgongoni. Akawafuata na kamera hadi mtoni, akasahau kila kitu. Picha hiyo ndiyo inayofungua filamu, na kila aliyeiona ofisini alimpa mkono.

Mzee alilala akijua kauwasha. Asubuhi alikuta shamba jeupe na majivu yamelowa, akadhani ni umande.

"Turudie," fundi akasema. "Majirani wema, kwa tabasamu."

"Shangazi, ngoja kidogo." Mpwa akasogea karibu naye. "Moshi niliuzima mimi. Uliziba picha. Nikasahau kuuwasha tena."

Sponji za ukutani, za kuzuia mwangwi, zilimeza maneno yake. Fundi akajifanya anakagua nyaya.

"Yule mzee anasema mikono yake imezeeka, hata moto haijui kuwasha," shangazi akasema taratibu. "Anakaa anaitazama, kama si yake. Na mimi namwacha aitazame."

"Nisamehe, shangazi."

"Usianze na mimi." Akafungua fundo la khanga, akatoa simu, akabonyeza, akamkabidhi. "Mwambie mwenyewe."

Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Mke wangu," mzee akaitika kwa furaha. "Leo umenipigia."