Mkia wa Wimbi

Jumatano, tarehe 6 Machi 2024. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, haikuacha hadi saa nne asubuhi, na ndagala za Mwavita, visamaki alivyoanika auze, zikaharibika kwenye vichanja vya ufukweni Kajaga. Alikuwa amemwomba Mungu aikatize tangu tone la kwanza. Jioni, alipoingia darasa la watu wazima, alikuwa bado na hasira.

Mwalimu Maxime alikuwa amechora kilima kidogo ubaoni. Hao ni bakteria, alisema. Wanakula sukari ya mahali walipo, kisha wanafuata ladha ya iliyo mbele, na kundi zima linasonga kama wimbi.

"Mama Mwavita, tuonyeshe wimbi litakuwa wapi baada ya saa moja."

Mwavita alikichora kilima mbele zaidi. Kisha, nyuma yake, akavuta mkia mrefu, mwembamba.

"Hao ni nani?"

"Waliobaki, Mwalimu. Sukari imeisha kule. Hakuna cha kuwavuta."

Maxime akaufuta mkia kwa kitambaa. "Tunachukulia kwamba sukari inapokaribia kuisha, mvuto wake unakuwa na nguvu isiyo na kikomo. Habaki hata mmoja. Bila dhana hiyo wimbi linavuja, linapungua, na jibu hatulipati. Ijumaa, kwenye mtihani, atakayechora mkia atapata sifuri."

"Mama wa ndagala atawaombea hao bakteria!" alisema Trésor, aliyekaa karibu na mlango. Darasa likacheka.

Mwavita hakucheka. Mwaka ule mto ulipofurika na kuingia mtaani kwao Gatumba, walikimbia kufuata barabara ya mjini, na kwenye mahema ya waliokimbia mafuriko mtu mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba mtaa wote umefika. Baba yake, mwenye goti bovu, alikuwa bado majini. Mwavita alipolia akiliita jina la baba, walimwomba anyamaze, watu wasije wakaogopa.

Bwana, nifunge mdomo, aliomba sasa. Bwana hakuufunga.

"Apana, Mwalimu! Mi najua jibu halipatikani. Basi lisipatikane! Mutu amebaki nyuma, na we unasema alivutwa kwa nguvu isiyo na kikomo. Nani alimuvuta? Sema, nani?"

Kicheko kilikatika. Maxime alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili, kana kwamba hakujua tena pa kukiweka.

"Mama, ni dhana tu. Utaanguka mtihani. Diploma itangoja tena mwaka mzima, na umebakiza huu mmoja."

"Najua."

Alichukua chaki. Akauchora mkia upya, taratibu, hadi mwisho wa ubao, akavuka mbao za pembeni, akaendelea ukutani mpaka mkono wake ukafika kwenye fremu ya mlango. Unga mweupe ulidondokea viatu vyake vilivyolowa tangu asubuhi. Hakuna aliyemzuia. Trésor alisogeza kiti chake ili Mwavita apite.

Kisha akawageukia wote.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu: Ijumaa nitawachora tena waliobaki."